Mto uliofurika hujulikanaje kuwa umepona, na ndoana zirudi lini?

Mshipi Mrefu (Uvinza) aliuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu salaam. Ninaandika kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Uvinza, kando ya kijito kinachomwaga maji yake katika Mto Malagarasi. Nina swali ambalo nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu mwezi wa tano, na kila niliyemuuliza hapa kijijini amenipa jibu tofauti na la mwenzake.

Katika masika yaliyopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na usiku wa siku ya nne kijito kikavunja ukingo palepale kwenye kona ambayo marehemu baba alinifundishia kutia chambo. Asubuhi tuliukuta mkuyu uliokuwa ukitupa kivuli mahali hapo umelala katikati ya mto, mizizi juu, na katika mizizi hiyo yamenasa mabua ya mahindi, kipande cha mkeka na ndoo isiyo na kitako. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa muda wa wiki tatu. Yaliposhuka, sakafu ya mto ambayo tangu utoto wangu niliijua kuwa ya mchanga na kokoto ilikuwa imefunikwa tope, kiasi kwamba ukichomeka upondo unazama dhiraa nzima kabla haujagusa kitu kigumu.

Mkutano wa kijiji uliitishwa, na ikaamuliwa kwamba uvuvi wa aina zote usimame, kuanzia kwenye daraja la miti hadi pale kijito kinapoungana na Malagarasi, “mpaka mto utakapopona”. Nami nilinyoosha mkono kuunga mkono, wala sijutii. Kinachonisumbua ni kwamba sasa tumeingia Agosti, maji yametakata hata ukisimama magotini unaviona vidole vya miguu yako, lakini hakuna anayeweza kutuambia kupona maana yake ni nini. Yuko anayesema tusubiri masika mengine yapite, mwingine anataka miaka miwili kamili, na mwingine anadai tungefungua Jumatatu iliyopita. Wenzetu wa ziwani walipopumzishiwa Ziwa Tanganyika mwaka 2024, kila mtu alijua kwamba ni tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa hiyo mwenye kukaanga dagaa alijipanga na mwenye kukopa alikopa akijua atalipa lini. Sisi tumepewa neno moja tu lisilo na tarehe.

Sisi wavuvi wa ndoana hatuzidi kumi na wawili. Tunakaa ukingoni na mshipi, nyungunyungu na uvumilivu, na mtu akipata kambale wawili na ngege kadhaa, wale wa jamii ya perege, kwa siku hurudi nyumbani akiimba. Tangu kufungwa tumeitii amri, ilhali usiku vyandarua vinakokotwa katika vidimbwi vilivyobaki pembeni baada ya maji kushuka, na kinachotolewa humo hakizidi ukubwa wa kidole cha mtoto mchanga. Sitaki kujifanya mtakatifu, kwani tumbo langu nalo linapiga kura. Hata hivyo ninauliza kwa nia njema: ni dalili gani humwonyesha mtu kwamba mto umerudi katika hali yake, je, maji kutakata kunatosha, na ni sawa kufungulia ndoana kwanza huku nyavu zikiendelea kungoja?

---

Mzee wa Kingo (Ilagala) alijibu:

Marahaba mwanangu. Umeuliza kana kwamba mto ulikuwa mgonjwa, nami nilikulia mdomoni mwa Malagarasi, ambako mafuriko tulikuwa tukiyangoja kama mkulima anavyongoja mvua za vuli. Maji yakipanda na kuingia majanini, kambale huyafuata usiku, wanajipenyeza kwenye nyasi ambazo jana mbuzi walikuwa wakizila, na ukisimama kimya unasikia mikia ikipiga maji ya kina cha kifundo cha mguu. Huko ndiko wanakotaga. Mwaka ambao mto ulibaki ndani ya kingo zake, mwaka uliofuata tulikula mboga za majani.

Jambo moja naomba usilipuuze. Kabla hujauliza samaki wamerudi lini, uliza mamba amehamia wapi. Mafuriko huchimba mashimo mapya na kuyafukia ya zamani, na yule uliyezoea kumwona akiota jua kwenye kisiwa cha mchanga hayupo tena pale. Kona ya baba yako imebadilika. Usiende kukaa juu ya ule mkuyu ulioanguka kwa sababu tu umefika mahali pazuri pa kutupia mshipi.

---

Afisa Mstaafu wa Uvuvi (Kigoma Mjini) alijibu:

Ndugu Mshipi Mrefu, nimefanya kazi ya uvuvi kwa miaka mingi na nimeshiriki katika kufunga maji na kuyafungua, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo, nikiomba radhi mapema kwa wale wanaopenda majibu mafupi.

Mzee wa Kingo amesema kweli, ila anazungumzia mto mkubwa wenye mbuga ya kutandaza maji yake. Malagarasi kabla haujafika Uvinza unapita katika ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, ile iliyoingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu, mwaka 2000, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania na yenye ukubwa unaokaribia kilomita za mraba 32,500. Mafunjo na matete ya huko huyapunguza kasi maji, tope likatua humo, na kinachoendelea kushuka kuelekea ziwani kinakuwa kimechujwa. Kijito chenu hakina chujio hilo. Kinatoka vilimani, kinapita mashambani, na kila kilichochukuliwa na mvua kinateremka moja kwa moja hadi kwenye kona ya marehemu baba yako. Ndiyo maana mafuriko yaleyale yanaweza kuwa neema kwa mto mmoja na balaa kwa kijito kinachoingia ndani yake.

Kuhusu maji kutakata, jibu langu ni kwamba hakutoshi. Maji hutakata kwa sababu tope limetua, na limetua mahali ambapo wadudu na konokono wanaoliwa na samaki huishi, yaani chini ya mawe na katikati ya kokoto. Nenda asubuhi, inua mawe kumi katika sehemu ambayo maji yanakwenda kasi, uyageuze. Mawe yakiwa safi kwa chini na ukaona vijidudu vikikimbia au konokono wakiwa wameng'ang'ania, chakula kimerudi. Mawe yakitoka na tope linalonuka kama yai viza, bado hewa haipiti huko chini, hata kama juu unaona vidole vyako.

Baada ya hapo angalia samaki wenyewe, kila aina na tabia yake. Kambale hunatisha mayai yake kwenye majani yaliyofurikwa, nayo huanguliwa kwa siku moja au mbili hivi, kwa hiyo huyu ndiye wa kwanza kurudi, na huenda mkapata wengi kuliko kabla ya mafuriko. Msidanganyike naye. Kamongo ndiye kabisa hapaswi kuwa kipimo, kwa kuwa tope kwake ni kitanda. Wa kumtazama ni ngege. Dume lake huchimba kiota cha duara kama sinia kwenye maji ya kina kifupi, na jike huyachukua mayai mdomoni na kuyaatamia humo, akiwalinda hata watoto wanapokuwa wameanza kuogelea. Huyu anahitaji sakafu ngumu kiasi isiyojifukia kila siku. Mkianza kuona masinia hayo pembezoni, na asubuhi kabla upepo haujaamka mkaona makundi ya samaki wachanga yakitetemesha maji karibu na matete, hapo mna habari njema.

Njia niliyoipenda kuliko zote enzi zangu ni uvuvi wa majaribio. Chagueni watu watano wa ndoana, wenye ndoana za ukubwa mmoja na chambo cha aina moja, wakae sehemu zilezile kwa saa zilezile, mara mbili kwa mwezi, mbele ya mjumbe wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi. Kila samaki apimwe, aandikwe daftarini, arudishwe majini. Kwa miezi mitatu mtakuwa na jambo la kujadili mkutanoni badala ya kupigiana kelele.

Sasa hilo la ndoana kwanza. Sioni ubaya wowote, kwa sababu ndoana huchagua: mdomo mdogo hauimezi ndoana kubwa. Lakini kijiji kiandike. Amri ya mkutano isiyo na mwisho wala kipimo ni vigumu kuitetea mtu akipinga, na sheria ndogo ya kijiji ina utaratibu wake, hupelekwa halmashauri ya wilaya kwa idhini. Kuhusu vyandarua vya usiku hakuna haja ya kusubiri mkutano wowote. Kokoro, yaani wavu wa kukokota, sumu, baruti na nyavu za matundu madogo namna hiyo zimekatazwa kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, mto uwe umefungwa au umefunguliwa. Hao samaki wachanga walionaswa vidimbwini ndio waliokuwa waujaze mto wenu, na kama mngechimba mifereji midogo ya kuwarudisha mtoni mara maji yalipoanza kushuka, leo swali lako lingekuwa jepesi.

---

Mtoto wa Ujiji (yuko Marekani) alijibu:

Wazee wangu shikamooni. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, ila kwa miaka kadhaa nimeishi katika jimbo la Montana, mahali ambapo watu wanampenda samaki mmoja aitwaye trauti kama sisi tunavyompenda mgebuka. Nimesoma swali la Kaka Mshipi nikakumbuka Juni 2022.

Tarehe 13 ya mwezi huo mvua ilinyesha juu ya theluji iliyokuwa bado haijayeyuka milimani, na Mto Yellowstone ukapanda ghafla. Kwenye kituo cha kupimia cha Corwin Springs maji yalifika futi 13.88, huku rekodi iliyokuwapo, ya mwaka 1918, ikiwa futi 11.5. Barabara ya kuingilia Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone kutoka mji wa Gardiner ilimegwa vipande vipande, daraja likasombwa, nyumba nzima ikaonekana ikielea. Sehemu za mto zilifungwa, si kwa ajili ya samaki kwanza bali kwa ajili ya watu, kwa sababu magogo, nyaya na vyuma vya madaraja vilikuwa vimelala chini ya maji yasiyoonekana ndani. Kuhusu hilo Mzee wa Kingo na mamba wake hawako mbali na Montana.

Trauti hana bahati ya kambale. Anataka maji ya baridi, na jike huchimba shimo katika kokoto kwa mkia wake, hutaga humo, kisha huyafukia mayai kwa kokoto tena. Mayai hukaa humo kwa wiki nyingi yakivuta hewa kutoka kwenye maji yanayopenya katikati ya mawe. Mafuriko yakija wakati huo, ama kokoto zinabebwa pamoja na mayai, ama tope linaziba matundu na mayai yanakosa hewa. Kwa hiyo wavuvi wa huko, mafuriko yanapotokea, huuliza kwanza yametokea mwezi gani. Wale trauti wa kahawia hutaga majira ya kupukutika kwa majani, wale wa upinde wa mvua hutaga wakati wa kuchipua, na mafuriko ya mwezi mmoja yanaweza kumaliza kizazi cha mmoja bila kumgusa mwenziwe. Samaki wakubwa wengi hunusurika kwa kujibanza nyuma ya mawe na pembezoni; kinachopotea ni rika la mwaka huo, na pengo lake hutembea na mto, kwani miaka mitatu baadaye utaona wakubwa na wadogo, wa kati hawapo.

Ninaleta habari hizi kwa sababu moja. Huko hawafungi mto wote kwa kila kitu na kwa muda wote. Kuna kanuni ninayoipenda sana: wakati wa joto, maji yakifika nyuzijoto 23 hivi kwa siku tatu mfululizo, uvuvi huruhusiwa asubuhi na kufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, kwa kuwa trauti aliyechoshwa na mshipi katika maji ya moto hufa hata ukimwachia. Kipimo kinajulikana, saa zinajulikana, na mvuvi anajua kwa nini. Kijiji cha Kaka Mshipi kingeweza kufunga kona zenye viota vya ngege na kuacha wazi mashimo ya kambale, au kuruhusu ndoana siku mbili kwa wiki. Wengi huko pia hukibana kwa koleo kile kimwiba cha nyuma ya ncha ya ndoana, ili samaki wa kurudishwa atoke bila kuchanika mdomo.

---

Mama Migebuka (Kibirizi) alijibu:

Mwanangu wa Ujiji, nimekusoma na nimefurahi kwamba ughaibuni hukusahau shikamoo. Lakini hilo la kumvua samaki, kumtazama na kumrudisha, uwaeleze watu wa Uvinza taratibu. Huyo mtu wa Montana akimwachia trauti wake anakwenda dukani kununua nyama. Huyu wetu akimwachia kambale anakwenda nyumbani kuulizwa sufuria iko jikoni kwa ajili ya nini. Kwa majaribio ya Afisa sawa, kwani hao ni watu watano, mara mbili kwa mwezi, na wanaweza kupewa chochote na kijiji. Kwa wote haiwezekani.

Mimi ni mchuuzi mwaloni, nami nilikuwapo ziwa lilipopumzishwa. Siku za mwanzo tuliona kama tumefiwa. Kilichotuokoa ni ile tarehe. Niliuza mawese, nikauza muhogo, nikawaambia wanaonidai kwamba wanione baada ya tarehe 15 Agosti, na walinielewa. Kaka Mshipi, usiombe mto ufunguliwe leo. Omba siku ya kuja kuuangalia itajwe, hata kama siku hiyo ikifika mtasema bado. Watu wanaokokota vyandarua usiku wengi wao si wabaya, ni kina mama wenzangu wasioona mwisho wa jambo hili. Ukiwaita kwenye kuchimba hiyo mifereji ya kurudisha samaki wachanga, watakuja, maana wao ndio wanaojua kila kidimbwi kilipo.

---

Mnyamwezi wa Kaliua (Tabora) alijibu:

Ninaona wote mnauliza mto utapona lini, na hakuna aliyeuliza tope lilitoka wapi. Huku kwetu tunalima tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni, na kuni ni miombo iliyokuwa ikishikilia udongo. Mto Igombe tunaoutazama ukigeuka rangi kila masika unaelekea bonde hilohilo la Malagarasi. Nasema haya nikiwa mkulima wa tumbaku mwenyewe, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole ambacho hakinirudii.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli za kudumu za binadamu. Kaka Mshipi, umetuambia kwamba katika mizizi ya mkuyu yalinasa mabua ya mahindi. Shamba hilo ni la nani, na lilikuwa mita ngapi kutoka majini? Mkifunga uvuvi miaka miwili huku mahindi yakilimwa hadi kwenye midomo ya kambale, masika yajayo mtaanza kuhesabu upya.

---

Mshipi Mrefu (Uvinza) alijibu:

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jambo la kusema. Wazee wangu na Mama yangu, nimewasoma zaidi ya mara moja, na swali la ndugu wa Kaliua nimelisoma mara nyingi kuliko ningependa kukiri. Shamba ni langu. Nililipima kwa hatua siku iliyofuata: hatua kumi na tisa kutoka mstari wa mwisho wa mahindi hadi majini, na mita 60 zingefika karibu na mlango wa jiko la mke wangu. Sikulima mstari ule mwaka jana kwa nia mbaya. Udongo wa pale ni mweusi na maji yako karibu, basi. Nimeacha hatua hizo zote ziote matete, na nimepanda vipandikizi vya mikuyu vinne, viwili tayari vimeliwa na mbuzi wa jirani.

Mkutanoni nilipeleka mambo mawili tu, lile la Mama la kutaja siku na lile la Afisa la majaribio. Tulibishana tangu saa tatu hadi jua la utosi. Walioutaka mto ufunguliwe Jumatatu walinuna, waliotaka miaka miwili walinuna pia, na mwisho ikaandikwa kwamba mto utaangaliwa mwishoni mwa kila mwezi, na uamuzi kuhusu ndoana utafanywa Novemba, kabla mvua hazijashika. Nyavu hazikuzungumzwa. Wazo la kubana kimwiba cha ndoana liliwachekesha watu sana, ila watano tuliochaguliwa tulibana.

Majaribio ya kwanza tuliyafanya juzi, kuanzia alfajiri hadi saa nne. Mamba hatukumwona, ingawa kwenye mchanga mpya chini ya mkuyu kulikuwa na alama ya tumbo lililoburuzwa, na kwa heshima ya Mzee wa Kingo tulihamia upande wa pili. Kati ya mawe kumi niliyoyageuza, sita yalikuwa na tope jeusi kwa chini, manne yalikuwa safi na yana konokono. Daftari linasema kambale tisa, ngege watatu. Kambale walikuwa wengi kama alivyotabiri Afisa.

Ngege wa tatu nilimvua mwenyewe, jike wa kiasi cha kiganja, kwenye maji ya kina cha goti nyuma ya matete. Nilipomtia ndani ya ndoo ili tumpime, alifungua mdomo, na maji ya ndoo yakajaa vitone vyeusi vyenye macho, vingi, vikienda huku na huku vikitafuta mahali pa kujificha. Mjumbe aliyeshika daftari aliuliza kama navyo aviandike. Hatukumpima. Tuliizamisha ndoo polepole ukingoni, akatoka, na vile vitone vikakaa pale kwa muda mfupi kabla ya kumfuata kuelekea kwenye matete.